Acheni Kusema Ardhi ya Kilwa Imekwisha

Juzi pale Kilwa Kivinje, kwenye baraza ya kahawa, mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema neno ambalo mpaka sasa halijanitoka. Vijana wa mjini walikuja na mashine ya kutambua madini, wakashinda kutwa nyuma ya magofu ya pwani, wakaondoka wameacha mashimo yako wazi. Nikauliza kwa nini hakuna aliyewakataza. Mzee akanijibu, "Mwanangu, pale palishapekuliwa zamani. Hakuna kitu. Waache wachoke."

Kauli hiyo ndiyo inayotumaliza. Kila mwenye sururu anaanza nayo: hakuna kitu, kwa hiyo nikichimba sijaharibu.

Kitu kipo. Mashine za kawaida, zile wanazokuja nazo hawa, zinaisikia sarafu ndogo kwa kina cha shubiri moja hivi, na ardhi ikiwa nzuri zinazidi kidogo. Chini ya hapo ni bubu. Sarafu iliyolala inalia vizuri, iliyosimama wima inalia kwa shida. Na iliyo jirani na msumari inamezwa na msumari: mtafutaji anasikia chuma, anapita zake. Kivinje imejaa misumari, vipande vya mabati, vizibo vya soda, spoku za baiskeli. Mwenye haraka huiweka mashine isisikie chuma kabisa ili asisumbuke, kisha anatangaza kwamba pamekwisha. Wanaoijua kazi wanafunga mashine sahani ndogo, ile duara ya mbele inayosikiliza ardhi, wanakwenda polepole, wanasubiri ardhi ilowe baada ya mvua, na eneo walilolipita kwa urefu wanalirudia kwa upana. Ardhi iliyopekuliwa sana haina tena vitu vyepesi kupatikana, basi. Vile vigumu viko palepale. Na kule Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale, bahari inakula ukingo wa pwani mwaka hadi mwaka. Udongo ulioona jua leo mwaka jana ulikuwa umefunikwa.

Kivinje penyewe ulikuwa mji mkubwa wa biashara karne ya 19, misafara ikiteremka kutoka Ziwa Nyasa. Ndiyo maana hapa utaokota pesa ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, yenye picha ya mizani, ya mwaka 1299 Hijria, au pesa ya kampuni ya Wajerumani ya 1890, tai upande mmoja na Kiarabu upande wa pili, au heller, sarafu ndogo za Wajerumani, za kuanzia 1904. Hizo zina mwaka juu yake. Hata pasipojulikana ilipotoka, bado sarafu yenyewe inakwambia umri wake.

Sarafu za masultani wa Kilwa haziko hivyo, na hapa naomba mnisikilize. Ni shaba nyembamba, upande mmoja jina la sultani, upande mwingine maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zina vina kama beti la shairi. Hazina mwaka. Hakuna hata moja iliyoandikwa iligongwa lini. Kinachotupa umri wake ni udongo: ilikuwa chini ya sakafu gani, pamoja na vigae gani, pamoja na sarafu gani nyingine. Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu, watafiti walikuta sarafu hizo zaidi ya 300 zimefukiwa pamoja kwenye msingi wa nyumba ya mawe. Kwa sababu walizikuta mahali pake, na nyumba umri wake unajulikana, sarafu zenye jina la Nasir al-Dunya, ambazo wataalamu walikuwa wakibishania zama zake, sasa zinawekwa karne ya 14 au ya 15. Zingeng'olewa usiku na kuuzwa mojamoja, tusingejua hilo mpaka kiama.

Mfano wa kinyume ni Australia. Mwaka 1944 askari mmoja, Maurie Isenberg, aliokota sarafu kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa ya nchi ile. Tano kati yake ni za Kilwa! Akazihifadhi, na mwaka 1979 ndipo alipozipeleka zitambuliwe, mahali amepawekea alama ya X kwenye ramani. Shaba ya mababu zetu imevuka bahari yote ile, na hadi leo watu wanabishana ilifikaje, maana hakuna aliyeuandika udongo ilimokuwa.

Kilwa Masoko kijana mmoja alinifungulia kitambaa akanionesha yake. Ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Alikuwa ameisugua kwa limau, kisha kwa msasa, mpaka imekuwa nyekundu kama sufuria mpya. Upande mmoja kumebaki mkia wa herufi ya Kiarabu, nuni, na nukta yake. Upande wa pili umekuwa laini kabisa, kidole kinateleza. Nikamuuliza aliitoa wapi, akanyoosha mkono kuelekea baharini: "Kulekule." Alitaka elfu hamsini, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi safi. Sikuwa na la kumwambia lenye msaada wowote kwake, na hilo liliniuma kuliko ile sarafu.

Sheria tunayo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuchimba bila kibali ni kosa. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981. Sawa. Nakubali pia, shingo upande, kwamba kijana ambaye korosho hazikumlipa hawezi kushiba urithi. Lakini zile hadithi za rupia, sarafu ya kale, ati inavuta punje za mchele kama sumaku, na matajiri wanaoisubiri Dar ni utapeli, na wanaozieneza waache kuwapotezea watoto wa watu muda wao.

Ninachokitaka ni vijana haohao wenye macho na mashine wapewe kazi. Uingereza ina sheria ya hazina ya 1996, na tangu 1997 kuna utaratibu wa aliyeokota kitu kukipeleka kiandikwe: ni nini, kimetoka shamba gani. Wezi wa usiku huko nako wapo, najua, na fedha walizonazo Waingereza sisi hatuna. Ila daftari si fedha nyingi. Kila kijiji kuanzia Kivinje hadi Songo Mnara kiwe na mtu mmoja aliyefundishwa, mwenye simu ya kupiga picha: usiing'oe, usiioshe, niite. Watafiti wanapokuja na vibali vyao wawachukue hawa, si wabeba maji tu, bali washika mashine, kwenye misumari na vizibo ambako wengine wamekata tamaa. Na anayeita badala ya kuchimba alipwe siku hiyohiyo, zaidi ya anachopewa na mnunuzi wa mjini, bila kuambiwa kwanza aandike barua.