Mkata kuni wa Port Hope na sisi wa "huku hatujambo"

Wakristo wengi wa Afrika Mashariki waliuimba "Yesu kwetu ni rafiki" kabla hawajajua kusoma. Kwetu Mpwapwa utausikia msibani, kwenye ibada za nyumbani, hata mama akiwa anachambua mchele. Wachache wanajua kwamba maneno yake yaliandikwa na mhamiaji, tena mhamiaji ambaye kwa vipimo vyetu hakufanikiwa hata kidogo.

Aliitwa Joseph Scriven. Alizaliwa mwaka 1819 karibu na Banbridge, katika kaunti ya Down huko Ireland, baba yake akiwa kapteni wa askari wa majini. Alihitimu Trinity College, Dublin, mwaka 1842. Inasimuliwa kwamba mchumba wake alizama majini usiku wa kuamkia harusi. Haikupita miaka mingi, Scriven akapanda meli kuja Kanada, akawa anafundisha watoto wa walowezi, na mwishowe akaweka makazi maeneo ya Port Hope na Rice Lake, jimbo la Ontario. Huku nako akachumbia, na Eliza Roche naye akaugua na kufariki mwaka 1860. Hakuoa kamwe wala hakuwa kasisi wa kuwekewa mikono. Alikuwa wa Plymouth Brethren, watu wasio na makasisi, na alihubiri popote alipopata masikio, barabarani ikiwemo.

Mimi naishi Oshawa, si mbali na huko. Mnara wa kumbukumbu yake uko kando ya barabara inayotoka Port Hope kwenda Peterborough, na madereva wengi wanaupita bila kupunguza mwendo. Ningekuwa na madaraka ningemwandika kwanza kama mkata kuni, wimbo ungefuata. Port Hope walimzoea akipita na msumeno wake kwenda kuwakatia kuni wajane na wagonjwa wasio na uwezo wa kulipa. Aliye na hela alitakiwa atafute mtu mwingine. Kwa baridi ya Ontario, huo haukuwa msaada mdogo. Mjane asiye na kuni mwezi wa Januari ni maiti.

Sasa jiulize kwetu tungemfanyaje. Msomi wa Dublin, miaka yote yuko ng'ambo, hana nyumba, hana mke, hajatuma hata bati, na kazi yake ni kukata kuni za bure! Kikao cha ukoo kingeitwa wiki hiyo hiyo. Baba mdogo angesema kijana amerogwa, shangazi angesema ni pombe. Napenda kwetu, lakini kwenye hili tuna ukatili: aliyesafiri akirudi mikono mitupu hatuulizi alikuwa mtu wa namna gani, tunauliza kiwanja kiko wapi.

Huku nako kuna mambo. Jirani yangu hajui jina langu. Theluji ikianguka usiku, asubuhi namsikia na mashine yake akisafisha kwake, kisha anaisogeza mpaka mlangoni kwangu, anamaliza, anazima, anaingia ndani. Nikimpungia mkono dirishani, ananyanyua kidole kimoja. Basi. Kwetu msaada ungekuja na watu ishirini, sufuria la ubwabwa na daftari la michango ambalo litasomwa kwa sauti ili ijulikane nani katoa buku mbili. Nimeshafiwa nikiwa huku, na siku ile ningelipia chochote nipate ile kelele ya kwetu. Siku nyingine zote, Mungu anisamehe, nashukuru kwa kidole kimoja.

Lakini kilichonifanya niandike ni barua. Katikati ya miaka ya 1850 Scriven alipata habari kwamba mama yake anaumwa Ireland, na hakuwa na namna ya kwenda. Nani kati yetu hajui habari hiyo? Makaratasi hayajatoka, nauli haipo, bosi hatoi likizo. Yeye alikaa akaandika shairi, ndilo hilo la "Yesu kwetu ni rafiki", akalituma kwa meli kuvuka Atlantiki. Hakuliandika litangazwe. Lilichapishwa Boston mwaka 1865 bila jina lake, Mmarekani Charles Converse akalitungia muziki mwaka 1868, na Ira Sankey, mwimbaji wa injili, alipoliingiza kwenye kitabu chake mwaka 1875 likasambaa duniani. Scriven mwenyewe alitoa kitabu cha tenzi zaidi ya 100 mwaka 1869, na lile hakuliweka. Mwaka 1886 alikutwa amekufa maji karibu na Rice Lake, akazikwa kando ya Eliza.

Sisi tuna WhatsApp. Kila Jumapili tunaonana na mama uso kwa uso, bure, na tunaongea nini? "Huku hatujambo. Baridi tu. Hela imeingia?" Tunageuza simu ili kikapu cha dawa kisionekane. Aliyefukuzwa kazi anavaa koti zuri kwanza ndipo apige. Halafu nyumbani wanashangaa kwa nini mtu aliyekuwa "hajambo" miaka kumi amejifungia ndani hapokei simu.

Wenzangu hapa wananiambia mama mwenye presha hapewi habari za shida. Mama yake Scriven alikuwa mgonjwa, na shairi lililomfikia kutoka kwa mwanawe limejaa majaribu, huzuni na marafiki wanaokuacha. Mtoto alimwambia mama yake dunia ilivyo, akamwambia na pa kuipeleka.

Mama yangu naye ana presha. Jumapili hii nitamwambia zamu za usiku zimenimaliza mgongo na kwamba Krismasi siji. Baba mdogo akitaka kuitisha kikao, aitishe.