Redio ya huku humtaja mtunzi

Nafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya kulelea wazee, mjini Coventry, Uingereza. Chumba cha jirani na jiko anakaa bibi mmoja wa miaka tisini na kitu, na redio yake haizimwi tangu chai ya asubuhi mpaka dawa za usiku. Ole wako uguse kitufe cha stesheni. Ni BBC Radio 3 tu: muziki wa klasiki, mashairi, maigizo, mazungumzo ya sanaa. Mwaka wa kwanza niliona adhabu. Fidla zinalia, nami nakata karoti, najiona kama nimo matangani. Sasa ni mwaka wa saba, na asubuhi nisipoisikia najua bibi kaamka vibaya.

Siku yake huenda hivi. Asubuhi ni vipande vifupi vifupi vya kuamshia watu. Mchana, ikishapita saa saba, tamasha zima linaletwa kutoka ukumbini, unawasikia mpaka wanaokohoa. Jumatano alasiri huingia ibada ya kwaya kutoka kanisa kuu mojawapo, kipindi kilichoanza mwaka 1926. Kisha kipo kile cha mtunzi wa wiki, nacho kilianza mwaka 1943 katikati ya vita. Mtu mmoja anachambuliwa siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa: kazaliwa wapi, kampenda nani, kakopa kwa nani akashindwa kulipa. Saa moja na nusu usiku orkestra inakaa, na hapo bibi hataki kusikia hata mlio wa kijiko.

Mie walioniteka si wapiga fidla, ni mtangazaji. Kabla ya muziki anakwambia nani katunga, mwaka gani, na nani wanapiga. Ukiisha anarudia yote, taratibu, kama mwalimu wa chuo cha Kurani anayemsikiliza mtoto sura yake. Halafu ananyamaza kidogo. Hakuna tangazo la godoro.

Nimekulia Ngamiani, Tanga. Kwetu tulikuwa na redio ya mkulima, imevishwa kitambaa cha kufuma, na mawe yake, yaani betri, yakichoka baba huyaanika juani juu ya bati ili yasukume walau mpaka taarifa ya habari. RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, ndiyo iliyokuwa kila kitu: matangazo ya vifo, salamu, vituko vya Pwagu na Pwaguzi, mashairi ya Malenga Wetu. Yakisomwa mashairi hakuna kucheka, hakuna kuosha vyombo, na anayetaka maji ya kunywa asubiri. Kwa hiyo mtu asiniambie kuwa kuikalia redio kimya ni desturi ya Kizungu.

Safari yangu ya mwisho nyumbani nilikuwa kwa shangazi, namenya muhogo, redio ikaweka taarabu ya zamani ya Black Star, klabu ya kwetu Tanga. Nikaweka kisu chini. Ubeti wa pili haujaisha, mtangazaji kampanda mwimbaji juu ya sauti, anasema leo kuna joto. Likafuata tangazo la kubeti. Baada ya hapo, wimbo mwingine kabisa. Nikapiga simu stesheni.

"Dada, unamsalimia nani?"

Nikasema sina wa kumsalimia, nataka kujua lile shairi katunga nani.

Kimya. Kisha, "Ile dada ni zilipendwa tu."

Basi nikamsalimia shangazi, ambaye nimekaa naye jamvi moja, yakaisha.

Zilipendwa tu! Klabu za Tanga ndizo zilizoichukua taarabu ya udi na ganuni zikaitia gita la umeme, besi na mdundo wa ngoma za pwani, watu wakaacha kukaa vitini. Shakila Said aliimba Black Star, akaimba klabu nyingine ya Tanga, Lucky Star, kabla hajawa Bi Shakila wa JKT Taarab; tumemzika Agosti 2016. Na taarabu si ya mwimbaji peke yake. Yuko aliyetunga shairi, yuko aliyelitia muziki, na mara nyingi hao ni watu wawili mbali mbali. Ukimtaja mwimbaji ukanyamaza, umewadhulumu wenziwe. Siku hizi hata mwimbaji hatajwi.

Mwaka 1989 kampuni moja ya London ilitoa diski ya hizo klabu mbili, na jaladani wakaiita taarabu yetu klasiki. Neno lile lile la redio ya bibi! Niliinunua mtandaoni, imeshatumika, kona ya kasha imevunjika. Nikafurahi, kisha nikaona uchungu kuwa nimeipatia Coventry wala si barabara ya 12 kwetu Tanga.

Wenzangu wa huku nikiwahadithia husema, "Aa, wenzetu wameendelea." Sikubaliani nao. Redio ile haina matangazo ya biashara kwa sababu inalishwa na leseni ya televisheni, na mwenye televisheni asiyelipa anaweza kujikuta mahakamani. Na Machi 2023 BBC wenyewe walitangaza kuivunja BBC Singers, kwaya yao ya tangu 1924. Wasikilizaji wakachachamaa, saini zikakusanywa, na mwezi haukuisha uamuzi ukasimamishwa. Bibi alisaini kwa simu yangu, mie ndiye niliyeandika herufi za jina lake, na alinisahihisha mara mbili. Kuendelea gani huko? Waligombana.

Mie orkestra siitaki. Nataka saa moja kwa wiki, stesheni yoyote ya Tanga, mtangazaji anayejua kunyamaza, na mzee mmoja studioni wa kusema huyu alikuwa nani na fumbo lile alirushiwa nani. Gharama yake haizidi nauli na kahawa.

Maana wanaojua wapo, ila hawako redioni, wako barazani. Na hapo ndipo Coventry inaponishinda. Bibi ana redio inayojua kila kitu lakini hana wa kubishana naye. Tamasha likiisha anatazama dirisha. Siku moja nilimwuliza kama lile la jana lilikuwa zuri, akanieleza dakika ishirini, chai yake ikapoa, nami nikasemwa kazini kwa kuchelewesha sahani. Kwetu wimbo ukiisha ndiyo kwanza mambo yanaanza. Yupo atakayeapa kuwa shairi lile lilitungiwa mke mwenza, na mwingine atasema wewe wakati ule ulikuwa hujazaliwa.

Juzi, bibi akiwa kwenye tamasha lake na huko Tanga ni saa nne na nusu usiku, nilimtumia mjomba ule wimbo uliokatwa. Shikamoo mjomba, huu katunga nani? Nilidhani kalala. Ikaja sauti ya dakika kumi na moja. Jina la mtunzi alilitaja mwanzoni tu, bila hata kufikiri. Dakika zilizobaki ni yeye na jirani yake wanagombana nani alipiga kodiani siku ya kurekodi, vikombe vya kahawa vinagongana nyuma yao, na mwishoni jirani anasikika akisema haya, mpigie simu mjane wake, mpigie sasa hivi.