Winnipeg: nani abishe kwanza mlango wa mama mwenye shida?

Sisi Waswahili wa Winnipeg tukikutana, iwe msibani, iwe harusini, iwe jikoni tu tunasubiri ugali uive, habari ya CFS haikosi. Mkongomani ataanza, Mrundi atadakia, Mtanzania naye ana ya kwake, fulani alimchapa mwanae, shuleni wakajua, fulani aliacha watoto peke yao usiku akaenda shifti, na kila hadithi inaishia pale pale, wamekuja wamewachukua. Kwa asiyeishi huku, CFS ni Child and Family Services, ndo mfumo wa jimbo la Manitoba, Kanada, wa ulinzi wa watoto, na kwa wazazi wengi wa kwetu jina hilo linatisha kuliko polisi.

Sasa kinachonishangaza ni kwamba mazungumzo yakigeukia wenyeji wa asili wa nchi hii, hao First Nations na Métis (wenye asili ya mchanganyiko wa wenyeji na Wazungu) tunaoishi nao mtaa mmoja kule North End, huruma yote inaisha. Ghafla CFS inakuwa na haki. Utasikia wale ni walevi, wale serikali inawapa kila kitu bure, sasa wanataka na hela za kulea watoto wapewe wenyewe, si watazila tu? Nimeyasikia haya kwa watu ninaowaheshimu, watu wazima, watu wa dini. Nikaona bora niandike, manake hoja ya kuwapa wenyeji waendeshe huduma za vijana na familia zao mjini ina pande mbili kweli na nitazieleza zote, lakini upande mmoja sisi hatujawahi kuusikiliza vizuri.

Nianze na mfano, shirika la wenyeji la hapa Winnipeg linaloitwa Ma Mawi Wi Chi Itata. Jina ni la Kiojibwe, lugha ya mojawapo ya First Nations, maana yake tunafanya kazi wote pamoja kusaidiana. Ilianzishwa 1984, miaka ambayo jaji Edwin Kimelman alikuwa anachunguza jinsi watoto wa asili wa Manitoba walivyokuwa wanachukuliwa na kupelekwa kuasiliwa na familia za mbali, wengine mpaka Marekani, na ripoti yake ya 1985 ikaliita jambo hilo mauaji ya kimbari ya kiutamaduni. Kumbuka huyo ni jaji wa serikali anaongea, sio mwanaharakati. Kwa hiyo wazazi wa North End walipokaa wakasema tunataka mahali petu, hawakuwa wanatafuta ofisi na magari, walikuwa wanataka mahali ambapo mama akikwama anaweza kwenda bila kuogopa kwamba atarudi nyumbani mikono mitupu.

Hapo ndipo watu wengi hawaelewi. Ma Mawi haina mamlaka ya kumchukua mtoto wa mtu. CFS inayo, na mashirika yaliyopewa kazi na CFS yanayo, lakini Ma Mawi haina. Kwa macho ya haraka huo ni udhaifu, shirika la watoto gani halina meno? Mimi naona hiyo ndo nguvu yao kubwa kuliko zote. Mama ambaye nyumba haina chakula, au mwanaume amempiga, au pombe imemshinda, atasema ukweli kwa nani? Atasema kwa mtu asiye na mamlaka ya kumchukua mtoto wake. Afisa ustawi wa CFS anaweza kuwa na roho nzuri kabisa, na wapo wenye roho nzuri, lakini anaingia ndani huku funguo za mtoto wako ziko mfukoni mwake, na wewe unajua, na yeye anajua unajua, basi utamwambia kila kitu kiko sawa hata kama friji ni tupu.

Halafu wana kitu ambacho sisi tunakijua vizuri mno, kikao cha familia. Kabla mtoto hajaenda kwa wageni, au ili arudishwe, wanaitwa bibi, mashangazi, wajomba, hata jirani aliyemlea siku mbili tatu, wanakaa, wanakula, wanaulizwa nani anaweza kufanya nini. Utaratibu huu ulitoka kwa Wamaori wa New Zealand, kule uliingizwa kwenye sheria 1989 baada ya Wamaori kulalamika kwamba maafisa wanaamua habari za watoto wao bila kuongea na ukoo. We fikiria, ni kikao cha ukoo kile kile cha Kigoma au cha Uvira, cha mama mkubwa kusema mlete huyo mtoto kwangu mpaka mambo yakae sawa. Sisi tukifanya tunaita utamaduni, wao wakifanya tunasema wanatafuta hela za serikali.

Sasa takwimu, na hapa naomba tukae kidogo. Sensa ya 2021 inasema watoto wa asili ni 7.7% ya watoto wote wa Kanada walio chini ya miaka 15, lakini kati ya watoto walio kwenye fosta, yaani wanaolelewa na familia nyingine kwa niaba ya serikali, wao ni 53.8%. Isome tena. Na sensa ya 2016 ilikuwa 52.2%, yaani baada ya ripoti ya 2015 ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule za bweni walizolazimishwa watoto wa asili, ambayo mapendekezo yake ni 94 na la kwanza kabisa ni kupunguza watoto wa asili walio mikononi mwa serikali, asilimia ilipanda. Manitoba ni kati ya majimbo mabaya zaidi, watoto kama tisa kati ya kumi walio chini ya uangalizi wa CFS ni wa asili.

Na hiyo 53.8% yenyewe sio hesabu kamili. Sensa inahesabu watoto wa fosta wanaoishi kwenye nyumba za watu binafsi, wenye miaka 14 kushuka chini. Aliyewekwa kwenye nyumba ya kundi (group home, ya malezi ya pamoja) hayumo, aliyefika 15 hayumo, aliyewekwa hotelini hayumo. Ndiyo, hotelini, Manitoba ilikuwa inaweka watoto hotelini mpaka 2015 ilipoacha, na iliacha baada ya aibu kubwa. Tina Fontaine alikuwa na miaka 15, binti wa Sagkeeng First Nation, amekuja mjini kiangazi cha 2014, akawa chini ya CFS, akawekwa hotelini, akatoweka, na tarehe 17 Agosti 2014 mwili wake ukatolewa mto Red River. Kama sensa ingepita wiki ile asingeonekana kwenye hiyo asilimia, umri umepita na hoteli si nyumba. Kwa hiyo nikiambiwa 53.8% mimi nawaza wale ambao wameshatoka nje ya hesabu, wenye 15, 16, 17, ndo hao hao mnaowaona Portage Avenue usiku na kuwaogopa.

Watu wa asili walijibuje kifo kile? Walianza kutembea. Bear Clan Patrol ilikuwepo tangu 1992 ikafa, baada ya Tina ikafufuliwa, wananchi wa kawaida wa North End wanazunguka mtaani usiku bila silaha, wanaokota sindano za dawa za kulevya, wanagawa chakula, wanawasindikiza wasichana nyumbani. Baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri wapo. Hawa ndo wanaoitwa wavivu.

Haya, upande wa pili, na sitaki kuupunja kwa sababu una uzito.

Hoja ya kwanza ni Phoenix Sinclair. Mtoto wa asili wa miaka 5, aliuawa 2005 na mama yake na baba wa kambo, ikachukua miezi kama tisa kugundulika kwamba hata hayupo duniani. Mtu akisema mtoto akiwa hatarini leo usiku hatuhitaji kikao wala chai, tunahitaji mtu mwenye mamlaka avunje mlango, mimi sina la kumpinga. Kikao cha familia hakifai pale ambapo familia yenyewe ndo hatari, na kuna ukoo ambao utamficha mkosaji, hata kwetu tunajua hilo, mangapi yameishia kwenye kikao cha ukoo na mtoto akaambiwa anyamaze? Hili ni swali gumu kwa yeyote anayependa vikao.

Ila wanaotumia jina la Phoenix kusema wenyeji hawawezi, wanasahau kwamba kwa muda mrefu faili lake lilikuwa mikononi mwa Winnipeg Child and Family Services, ofisi ya kawaida isiyo ya wenyeji, na lilifunguliwa na kufungwa mara kadhaa. Na Ted Hughes aliyeongoza uchunguzi, ripoti yake ikatoka 2014, hakusema wenyeji wanyang'anywe. Alisema kazi ya kuwakabidhi huduma hizi, iliyokuwa imeshaanza, iendelee, na mizizi ya shida ni umaskini, makazi mabovu na ulevi, vitu ambavyo afisa ustawi peke yake havimalizi.

Hoja ya pili ndo inayonisumbua zaidi. Manitoba ilishajaribu. Kuanzia 2003 hivi jimbo lilikabidhi kazi ya ulinzi wa watoto kwa mamlaka nne, mbili za First Nations, moja ya Métis na moja ya wote waliobaki. Ikawaje? Watoto walio chini ya uangalizi walitoka chini ya 6,000 wakafika zaidi ya 10,000 ndani ya miaka kama kumi. Mpinzani anasema unaona, tuliwapa na mambo yakawa mabaya zaidi, na kwa haraka haraka ukweli uko kwake.

Lakini walipewa nini hasa? Walipewa sheria ile ile na fomu zile zile, na kubwa kuliko yote mtindo ule ule wa hela, shirika linalipwa kwa hesabu ya watoto lililonao na siku walizokaa. Ukimsaidia mama mpaka mtoto akabaki nyumbani, hela ni kidogo. Ukimchukua, inaongezeka. Mtindo huo ulikuja kubadilishwa 2019 tu. Na juu yake, kati ya 2005 na 2019 jimbo lilikuwa linachukua posho ambazo serikali kuu inatoa kwa ajili ya watoto hao hao, kesi ikaenda mahakamani, na 2024 jimbo likakubali kulipa dola milioni 530. Kwa hiyo mimi siwezi kusema jaribio lile lilionyesha wenyeji hawawezi. Lilionyesha kwamba ukibadilisha jina mlangoni ukaacha injini ile ile, gari litaenda kule kule. Mtu wa Kiojibwe akija na funguo za mtoto mfukoni, bado amekuja na funguo.

Ndo maana natenganisha vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya, mashirika ya wenyeji yenye mamlaka ya kuchukua mtoto na yale kama Ma Mawi yanayofika kabla. Hayo ya pili ndo ninayoyatetea, na mengi yake yanaishi kwa misaada ya muda mfupi, wanaandika maombi upya, mfanyakazi mzuri anaondoka kwa sababu hajui Aprili atalipwa na nani.

Na hata sheria mpya haiwafikii vizuri. Kuanzia Januari 2020 kuna sheria ya serikali kuu inayotambua haki ya watu wa asili kutunga sheria zao za watoto, Quebec ikapinga, Mahakama Kuu ya Kanada ikaipitisha Februari 2024. Peguis First Nation hapa Manitoba tayari wana ya kwao. Jambo zuri sana, ila inapitia kwenye serikali za mataifa ya wenyeji, na nyingi ni za rizavu (ardhi iliyotengwa kwa ajili yao) zenye machifu. Winnipeg na viunga vyake ina watu wa asili zaidi ya 100,000 kwa sensa ya 2021, kuliko mji wowote Kanada, wametoka kwenye jamii tofauti tofauti, wengine ni Métis, wengine Inuit (watu wa kaskazini ya mbali), wengine hawajawahi hata kuona rizavu waliyoandikishwa. Binti wa miaka 16 aliyezaliwa Selkirk Avenue, chifu wake ni nani? Anayemjua ni yule mama wa Ma Mawi. Hata ile kesi kubwa ya ubaguzi kwenye hela za watoto, iliyoshinda 2016 na kuzaa fidia ya zaidi ya dola bilioni 23, kimsingi ilihusu watoto wa rizavu na wa eneo la Yukon kule kaskazini. Wa mjini amebaki katikati.

Mimi msimamo wangu ni huu: wenye mamlaka ya kuvunja mlango wabaki, na wawepo usiku na mchana, lakini wasiwe wa kwanza kubisha. Hela ya kwanza iende kwa anayefika na chakula na nepi, na iwe ya miaka mitano sio ya mwaka. Na mtoto asitolewe kwao kabla ukoo haujakaa, isipokuwa hatari iko mle mle ndani.

Kuna jambo moja la karibu yetu. Mpaka Julai 2020 hospitali za Manitoba zilikuwa na utaratibu wa taarifa za uzazi, mjamzito anawekewa alama kimya kimya, akijifungua CFS inaarifiwa, na wengi waliopoteza vichanga hivyo walikuwa akina mama wa asili. Kwetu mzazi anakaa arobaini, shangazi anakuja, uji wa pilipili manga unapikwa, mtoto hatolewi nje. Huyu wa jirani alirudi nyumbani maziwa yamejaa na hakuna wa kunyonya.

Mama wa kwetu mwenye shida, pale Central Park au North End, leo hii haombi msaada popote, anaogopa jina lake lisiingie kwenye faili, anakuja kuomba dua kwa siri na kurudi kwake. Wale akina mama wa 1984 walikuwa na hofu hiyo hiyo, wakajijengea mahali pa kwenda. Sisi mpaka sasa tunachangishana ya misiba na harusi, ya mlango kama ule bado.