Muuaji Asiyeacha Alama, Mpelelezi Asiyekosea

Ubishi ulianzia kijiwe cha kahawa hapa Ujiji, juu ya riwaya ya upelelezi iliyopita mikononi mwa watu wengi mpaka kurasa za mwisho zimechomoka. Kijana mmoja akasema mpelelezi akikosea tu, yeye kitabu anakifunga. "Kukosea nakuona kila siku bure. Kitabu nanunua nimwone mtu anayepatia." Mwalimu mstaafu akatikisa kichwa. "Basi unachokitaka si upelelezi, mwanangu. Ni ramli." Mazungumzo yakahamia kwenye bei ya migebuka, lakini neno hilo la ramli nilirudi nalo nyumbani.

Hadithi za aina hii zina watu wawili wanaosaka kitu kilekile. Muuaji anataka tendo lisiloacha alama, mpelelezi anataka maelezo yasiyo na tundu. Wasomaji huwapima wote wawili kwa mizani moja, na hapo ndipo mimi natofautiana nao.

Kwa muuaji sina ugomvi. Ukamilifu wake una faida kwa sababu mwandishi ameujenga ili aje auvunje. Katika riwaya ya mwandishi wa Urusi, Dostoevsky, ya mwaka 1866, Raskolnikov anahesabu hatua kutoka nyumbani kwake mpaka kwa mama mkopeshaji: 730 kamili. Anashona kitanzi ndani ya koti ili shoka lisionekane. Halafu mlango anausahau wazi, mdogo wa yule mama aliyeuawa anaingia, na mauaji ya mtu mmoja yanakuwa ya wawili.

Kuna kosa jingine la muuaji ambalo mimi nalipenda zaidi, nalo ni kuzidisha usafi. Bibi yangu alikuwa akifagia uwanja jioni kabla ya Magharibi, anarudi kinyumenyume kutoka ukutani hadi mlangoni, mistari ya fagio inabaki mchangani kama nywele zilizochanwa. Asubuhi anausoma uwanja wake: hapa paka, hapa jirani kakata njia kwenda bombani. Siku moja aliamka jogoo hayupo, na mchanga hauna hata unyayo mmoja. Lakini mistari ya fagio ilikuwa imelala upande usio wake. Hakuuliza nani kapita usiku. Aliuliza nani anajua fagio lake linakaa wapi, na kabla ya chai jogoo alikuwa amepatikana. Muuaji anayefuta alama zote za vidole chumbani, hata za mwenye nyumba ambazo zilipaswa kuwepo, amefanya kosa la mwizi wa jogoo.

Kwa mpelelezi mambo ni mazito zaidi, na kijana wa kijiweni ana hoja ya kusikilizwa. Familia nyingi zimezika ndugu zao bila kujua aliyewaua. Mtu wa namna hiyo akisoma hadithi ambayo mwishoni kila uzi umefungwa, anapata kitu ambacho maisha yamemnyima, na sioni haki ya kumcheka. Tena mpelelezi mkamilifu ametufaa. Muhammed Said Abdulla alipomleta Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960, maiti ilikutwa kwenye mzimu, mahali ambapo ingekuwa rahisi kuwasingizia wahenga. Bwana Msa akafikiri, akauliza, akaonyesha kwamba nyuma ya mzimu kuna binadamu. Kwa msomaji wa Kiswahili wa wakati ule, hilo halikuwa jambo dogo.

Sasa tazama hatari yake. Sisi wa Kigoma kamchape, wale wasaka wachawi, tunawajua. Wanaingia kijijini kwa sifa ya kutokosea, wananyoosha kidole, na mwenye nyumba iliyonyooshewa kidole hana pa kuuliza wamejuaje. Tabora nako wamezikwa vikongwe waliouawa baada ya ramli chonganishi, na wengine ushahidi dhidi yao ulikuwa macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni. Anayepatia siku zote haulizwi njia. Mpelelezi tuliyemkaribisha aufukuze mzimu, tukishamvika sifa ya kutokosea, anaurudisha kwa mlango wa nyuma, kwa sababu tumeacha kupima ushahidi wake na tumebaki kuliamini jina lake.

Angalia pia hadithi hizi zinavyoisha. Mara nyingi mtuhumiwa anakiri mbele ya watu wote sebuleni, au anakufa akikimbia. Kesi haifiki mahakamani, na hakuna wakili wa kumuuliza mpelelezi swali hata moja. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza kumtendea mshtakiwa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba analo. Kwa hiyo shaka ina kazi yake katika haki. Riwaya inayoona shaka kuwa udhaifu wa mpelelezi inatufundisha vibaya, hata kama inasisimua.

Waandishi wakubwa walilijua hili. Arthur Conan Doyle, mwaka 1893, aliandika kisa ambacho Sherlock Holmes anapanga hoja safi na zote zinakuwa si kweli. Mwishoni Holmes anamwomba rafiki yake Watson, siku akimwona anajiamini kupita kiasi, amnong'oneze sikioni neno "Norbury", jina la mahali alipokosea. Abdulla naye, mwaka 1984, aliliweka kosa la shujaa wake juu ya jalada: Kosa la Bwana Msa. Na Ben Mtobwa, mzaliwa wa mkoa wetu huu, ambaye Joram Kiango wake tulimpenda kwa kuponyoka kila mtego, alikipa kitabu kimoja jina lenye alama ya kuuliza: Tutarudi na Roho Zetu? Naipenda sana alama ile.

Sisemi mpelelezi awe mzembe. Siku hizi wapo wanaochorwa walevi, ndoa zimevunjika, kila siku wanaharibu kazi, na huo nao ni uvivu wa mwandishi. Ninachotaka ni kosa lenye gharama, na mtu anayelibeba.

Ningependa kusoma riwaya ya mpelelezi anayeshuka kwenye treni stesheni ya Kigoma, anamaliza siku tatu mwaloni Kibirizi akiwahoji wavuvi na wanawake wanaoanika dagaa, na katika sura ya tano anamkamata mtu asiyehusika, kwa hoja nzuri ambazo hata mimi msomaji nimezikubali. Muuaji wa kweli akishapatikana, kitabu kisiishie hapo. Mpelelezi apande tena kile kilima cha Mwanga, akaubishe mlango wa yule aliyemkosea, na mwandishi atuonyeshe anapofunguliwa anaanza na neno gani.