Kijana wa Mfumo

Hapa Mwanga, Kigoma, wananiita Kijana wa Mfumo, na jina lenyewe si la heshima. Mtu akienda kutoa pesa akaambiwa mfumo uko chini, ananipitia nyumbani: "Baba, si uupandishe?" Nikimweleza kwamba mimi naandika programu tu, mfumo huo siujui wala haunijui, ananitazama kama fundi cherehani aliyekataa kushona kifungo.

Sasa wiki hii nimeitwa kazini mara mbili. Huku mwisho wa reli, ukiitwa kazi mbili kwa wiki moja, majirani wanaanza kukuuliza jina la mganga.

Ya kwanza ni ya shirika linalohudumia wakimbizi kule Kasulu. Wanataka fomu ya kwenye kishikwambi, itunze majibu bila mtandao hadi gari lifike penye mnara. Kazi naipenda. Gari lina kiyoyozi, posho ipo, semina zina sambusa. Ila mkataba ni mwaka mmoja, "utaongezwa fedha zikipatikana." Wimbo huo nimeshaucheza. Shirika la mwanzo nililijengea mfumo wa visima miezi 9. Mwezi wa 10 mfadhili akahama, kutoka maji akaenda ufugaji wa nyuki. Mfumo wangu mpaka leo unawasubiri nyuki waje kuchota maji.

Ya pili ni ya chuo, utafiti wa ziwa, miaka 3. Niandike programu ya kutunza joto la maji na uzito wa dagaa. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na mshahara wao naona umezama hukohuko. Nikauliza, programu ikikamilika nani ataitumia? Profesa akasema, "Tutaandika makala." Na wavuvi wa Kibirizi, je? "Tutawataja kwenye shukrani." Makala yenyewe inapelekwa kwa wapitiaji: wa kwanza anasema safi, wa pili anataka uanze upya. Programu hakuna anayeiulizia. Ya mradi uliopita ilikuwa kwenye kompyuta ya mwanafunzi. Amehitimu, kaondoka nayo.

Halafu wanataka shahada ya uzamili! Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alipoingia Gombe mwaka 1960, hapo juu tu ya ziwa, hakuwa na digrii hata moja. Alikuwa na darubini na daftari. Leo sokwe wa Gombe wana ukoo ulioandikwa: mama yake nani, ndugu zake kina nani, nani mkubwa wa kundi. Mimi cheti changu cha kuzaliwa nimekitafuta siku mbili, nimekikuta kimefunikia chungu cha mawese.

Nikamwendea mama kwenye dagaa zake Kibirizi. Kwanza akanipa beseni nimshikie, ndipo akauliza:

"Zote mbili zinalipa?"

"Zinalipa, mama. Moja vizuri, moja kidogo."

"Hiyo ya vizuri inaisha lini?"

"Baada ya mwaka, au fedha zikiisha mapema."

"Zitaisha lini?"

"Hawajasema."

Akaguna. Mama kufungiwa anakujua. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi 3, Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wazaliane, alikaa barazani na beseni tupu, na mimi pembeni yake na kompyuta, kila mtu anasubiri lake. Lake lilirudi.

"Hata ziwa, mwanangu, walitutajia tarehe ya kulifungua," akasema. "Hao wa sambusa wameshindwa nini?"

Basi usiku nikakaa niwajibu chuo. Nimefika "Ndugu Profesa," umeme ukaisha kwenye mita. Nikavaa kandambili nikaenda kwa wakala kununua. Jamaa kaniona niko bado ng'ambo ya barabara, akainuka kwenye kiti kabisa:

"Afadhali umekuja, Kijana wa Mfumo! Huku uko chini tangu saa kumi!"