Sikuingilia maiki ya mtu, ile ilikuwa antena

Sawa jamani, naona ile klipu yangu ya dirishani, siku ya sherehe ya jirani, imeshafika mbali kuliko sauti yangu ilivyowahi kufika, na rafiki yangu mmoja (anajijua) kaiandikia eti "jamaa kateka maiki ya sherehe". Sijateka maiki ya mtu mimi. Maiki yangu, redio yangu ya ridhaa (ile ya kuongea na watu wa mbali kwa kujifurahisha), chumbani kwangu, spika tu ndo zilikuwa za watu.

Mnaonifuata mnaijua hii antena, nimewachosha nayo. Daipoli (antena ya waya unaolishwa katikati) ya bendi nyingi, yaani masafa mbalimbali yanayoitwa kwa urefu wa wimbi, jozi tatu za waya zinaanzia pale pale katikati, ya mita 40, ya 20 na ya 10, halafu ile ya 40 inakupa na bendi ya 15 bure kwa sababu ya 40 iko megahezi 7, ya 15 iko 21, na 7 mara tatu ni 21. Unachukua 143 unagawanya kwa megahezi unapata urefu wa waya wote kwa mita, kwa 7.1 inakuja kama mita 20, unakata ndefu kidogo kisha unapunguza mdogomdogo maana waya ukishakatwa haurefuki tena. Nikigusa wa 20, wa 10 nao unahama, panda shuka panda shuka mpaka magoti yakagoma. Kiwanja nacho hakitoshi, ncha moja ya ule wa 40 nikaikunja nikaifunga karibu na ukuta wa jirani, na kebo ya koaksi inayotoka kwenye redio nikaiunga moja kwa moja bila kizuizi chochote cha kuzuia umeme usirudi kwa nje ya kebo. Meta ya SWR (inapima antena inavyopatana na redio, 1 ndo kamili) ikasoma 1.3. Ningewaambia nini nyie, nilijiona injinia.

Sasa siku hiyo jirani ana shughuli. Mimi huku nimevaa hedifoni, mita 20 iko wazi, naita CQ CQ, yaani yeyote anayenisikia ajibu. Nikibonyeza tu kitufe cha maiki nikaongea, nasikia huko nje kwaa kwaa kwaa. Nikiachia, kimya. Nikibonyeza, kwaa kwaa. Mwenye akili zake angejiuliza. Mimi nikasema huyu emsii ananifanyia makusudi, ananisubiri niongee ndo na yeye aongee! Nikapandisha pawa kutoka wati 20 mpaka 100. Kelele nazo zikapanda. Nikazidi kuchukia.

Hapa twende polepole, ndo sehemu mnayoipenda. Nikainuka, hedifoni sikio moja, maiki mkononi, ule waya wake wa kujikunja ukanyooka mpaka redio ikaanza kunifuata mezani, na kidole bado kimekaa kwenye kitufe, mazoea. Nikafungua dirisha, nikavuta pumzi: "JAMANI PUNGUZENI KELELE, WENGINE TUNA KAZI!" Na spika zote mbili KWAAA KWAKWAKWA KWAAKWA, silabi kwa silabi, kama bata anasoma taarifa ya habari. Emsii kaiweka maiki yake mbali na mdomo anaikagua. Fundi sauti anachomoa waya mmoja mmoja. Halafu watu wakageuka, wakaufuata kwa macho ule waya wangu kuanzia ukutani kwao, wakapanda nao mpaka juu ya bati, wakashuka na kebo mpaka dirishani, wakanikuta.

Nikasema samahani.

Spika zikasema kwa kwa kwa kwa.

(Na hapa namsahihisha yule mwenye klipu: hakuna aliyesikia neno hata moja. Ile ni SSB, namna ya kurusha sauti ambayo wimbi mama (lile la kubebea sauti) limeshaondolewa, redio ndo inajua kulirudisha, amplifaya ya muziki inanasa tu mawimbi yangu, haijui hayo, inatoa bata. Ingekuwa AM, ambayo wimbi mama linabaki, mngenisikia neno kwa neno, shukuruni.)

Mengine fasta: nikazima, nikaenda kuomba radhi, mama mwenye shughuli akaniangalia juu mpaka chini, "Mwanangu, ndo wewe bata?" Ndo mimi mama. Kesho yake nikaihamisha ile ncha, koaksi nikaizungusha kwenye pete ya feraiti pale katikati (ndo kile kizuizi nilichokiruka), jirani akawasha spika zake tukajaribu, kimya kabisa.

Ila kuna kitu klipu haionyeshi. Nilipoachia kitufe pale dirishani, lile sikio lenye hedifoni likamsikia jamaa wa Italia ananiita, ripoti 59, ananisikia safi sana, anaomba nirudie ujumbe wangu wa mwisho.

Sijarudia.