Sikuwa Nawanga, Nilikuwa Nafukia Njia za Tairi

Wadau, ile video imeshafika mpaka kwa shangazi yangu Tanga, na shangazi huwa hana bando hata la kupokea salamu za Idi. Kwa hiyo ngoja niseme mwenyewe kabla hajaanza kunichangishia hela za mganga. Yule mtu anayetambaa kwa magoti usiku ufukweni Kimbiji, kwenye mwanga mwekundu, kavaa boksa peke yake, ni mimi. Sikuwa nawanga. Side aliyerekodi anajua kabisa sikuwa nawanga, na bado akaandika juu yake "Mchawi kanaswa Kigamboni, tumuombee". Side, wali wangu wote uliowahi kula ukusute.

Gari langu la Toyota IST nauza, hilo mnalijua, tangazo mmeliona na mkakaa kimya. Dalali akaniambia picha za uani zinaua soko, gari lipigwe na bahari nyuma, mteja aone maisha. Nikamchukua Side kwa sababu simu yake inapiga picha kali, tukavuka na pantoni, tukaikamata barabara ya Kibada na Mwasonga mpaka Kimbiji. Kwenye tangazo nilishaandika: "Halijawahi kukwama. Halijawahi kugusa maji ya chumvi." Msiisahau hiyo sentensi.

Pale njia ya wavuvi inapoishia palikuwa na kibao cha mkono: GARI MWISHO HAPA, KASA WANATAGA. Nikakisoma chote. Nikaona pia alama za pikipiki zimepita pembeni yake, nikajiambia kibao hiki kimewalenga wale wa mapikapu wanaokuja kuzungusha gari mchangani wikiendi. IST ni gari la familia.

Kule chini kwenye mchanga wa maji palikuwa pagumu, lami tupu. Picha zikatoka. Tatizo ni Side na usanii wake: "Sogea minazi iingie. Sogea tena. Pandisha kidogo." Nikawa natembeza gari sambamba na ufukwe, huku na huku, kila mara juu kidogo kwenye mchanga laini, nikachora reli za tairi ndefu ambazo mtazisikia tena. Mara ya mwisho nikapandisha kule kwenye mchanga mkavu. Tairi za mbele zikazama. Nikafanya anachofanya kila mwenye IST duniani, nikakanyaga mafuta. Gari likakaa chini kwa tumbo.

Akatokea mzee na fimbo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Zima gari."

Nikazima. Akanionyesha kwa fimbo: hatua chache mbele ya bampa, vijiti vinne vimefungwa kamba, na kibati chenye tarehe. Sikuwa nimeviona. Side alikuwa ameviona, anasema alidhani ni kiwanja cha mtu.

"Hapo chini pana mayai zaidi ya 100," mzee akasema. "Yalitagwa mwezi wa tano. Kasa anachukua kama siku 55, hawa ni wiki hii, leo au kesho. Ukienda mbele unayasaga. Na hata ukipita pembeni yake, uzito unaushindilia mchanga, watoto wanakosa pa kutokea, wanafia humo humo."

"Basi mzee wangu, narudi nyuma."

Hakunijibu. Akatazama bahari. Na mimi nikageuka nikatazama bahari. Bahari ilikuwa inakuja.

Nyie wa bara niwaeleze kidogo. Kuna maji mafu, ambayo hayana shida na mtu, na kuna bamvua, mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama, maji yanatoka mbali sana na yanarudi mbali sana. Mwezi mpevu ulikuwa umepita siku hizo hizo. Maji yalikuwa yajae juu kabisa machweo. Mbele mayai, nyuma Bahari ya Hindi, katikati mimi na kadi ya gari.

Mzee akatuma mtoto diko, pale mashua zinapofikia, akaite wavuvi. Mtoto akarudi na mama mmoja muuza samaki, na pikipiki yake ya barafu na dereva wake. Mama hakuja kusaidia, alikuja kuona nani kafungiwa njia safari hii.

"Ee babu, na hili nalo umelikamata?"

"Limepanda juu, mama. Wewe pikipiki yako inapita chini kwenye maji, nilikukataza lini?"

"Chini maji yakijaa nipite wapi? Samaki wangu anakungoja wewe? Kasa kawekewa vijiti, mimi nani kaniwekea barabara?"

"Ndiyo sheria."

"Sheria ni mita 60 kutoka baharini mtu asijenge. Mahoteli yako wapi? Hayo mataa yao yanayowaka mpaka asubuhi, umeyapelekea fimbo?"

Mzee akanyamaza hapo. Kwa kweli mama alikuwa na hoja, na mimi ningemuunga mkono kabisa, ila tairi zangu za nyuma zilishaanza kulowa. Wakaendelea. Mzee akaeleza kwamba pwani ya Tanzania wanapita aina tano za kasa lakini wanaotaga kwetu siku hizi ni wawili tu, kasa wa kawaida na ng'amba. Mama akasema hata wavuvi wanaopita na watoto wao ni wachache siku hizi. Dereva wa pikipiki akaniuliza bei ya mwisho ya gari.

Jua likazama. Wavuvi walikuwa wanakuja kwa mbali, nikaogopa watapitiliza, basi nikawasha taa kubwa, nikaongeza na hazadi, zile taa nne za dharura zinazopepesa.

Na hapa ndugu zangu twende polepole, maana hapa ndipo heshima yangu ilipozikwa.

Mchanga ndani ya vijiti ukatingisha. Nikadhani ni kaa. Ukabonyea katikati. Kikatoka kichwa kidogo cheusi, kikatulia. Kikatoka kingine. Halafu wakafumuka kwa pamoja, mchanga wote ukawa unatembea, watoto wa kasa wasiozidi kiganja, vibawa vinapiga. Mzee alikuwa ameshatusimulia kwamba kasa mdogo akitoka usiku anafuata mahali penye mwanga, na kwa asili ufukweni penye mwanga ni baharini. Kwa asili. Usiku huo penye mwanga palikuwa bampa la IST. Wakaanza kunijia. Wote.

"ZIMA TAA!"

Nikazima zile kubwa. Hazadi zikakataa. Swichi inaganda tangu zamani (ndiyo, kwenye tangazo sikuandika, sasa mnajua). Kuchomoa betri kunataka spana, na spana iko kwenye buti, na buti lilishakuwa mali ya bahari. Tii, tii, tii, zinawaka na kuzima, na kila zikiwaka naona watoto wengine wamegeuza shingo.

"Funika!" mzee akasema.

Nikavua fulana, nikafunika taa ya kushoto mbele. Ya kulia ikabaki inapiga. Nikatazama huku, nikatazama kule. Side akaninyooshea kidole suruali. Wadau, mtu hafikirii vizuri akiwa ametazamwa na kasa mia. Nikavua.

Ya nyuma kushoto balbu iliungua siku nyingi, tumshukuru Mungu. Ikabaki ya nyuma kulia. Mzee akamgeukia mama: "Nipe kanga moja." Mama akafungua kanga ya juu akamrushia. Nikafurahi, nikajua angalau kuna mzee anayejali utu wa mtu. Nikanyoosha mikono. Mzee akanipita, akaingia majini, akaenda kuifunga taa.

Kwa taarifa ya watani wangu wa Msimbazi, mashabiki wa Simba: ndiyo, boksa ilikuwa ya Yanga, kijani na njano. Endeleeni.

Nikadhani tumemaliza. Mzee akatoa tochi aliyoifunga mfuko mwekundu, anasema mwanga mwekundu hauwachanganyi sana. Akamulika chini ya bampa kuelekea majini. Mnazikumbuka zile reli nilizochora nikitafuta picha? Zilikuwa zimekatiza njia yao yote. Kwetu sisi ni alama ya tairi. Kwa kiumbe cha ukubwa ule ni korongo. Anadumbukia, hawezi kupanda ukingo, anageuka, anaifuata reli pembeni pembeni sambamba na bahari bila kuifikia, mpaka achoke au kaa amchukue. Walikuwa wamejaa humo, wamepanga foleni, wanaelekea kijiji cha Pemba Mnazi.

"Fukia."

Nikainua mguu niende. Fimbo ikanigusa goti. "Usitembee. Giza hili utamkanyaga. Tambaa. Ukimkanyaga mmoja nami nakukanyaga."

Kwa hiyo hicho ndicho mnachokiona kwenye video. Natambaa kwa sababu nimekatazwa kutembea. Sina nguo kwa sababu nguo zimevaliwa na gari. Mikono inafagia chini kwa sababu nasawazisha mchanga, sichori kafara. Nikitangulia mbele ya wale watoto navunja ukingo, naweka mteremko, nikimkuta aliyezama sana namtoa namweka juu. Mmoja nikataka kumpeleka mpaka majini, nimtoe kwenye taabu, mzee akanichapa mkono: "Mwache atembee mwenyewe." Na yale maneno yanayosikika, yale ambayo watu 200 huko chini mmeandika ni Kiarabu cha kuita majini, ni mimi nasema "samahani, samahani, pita, samahani".

Wakati huo Side yuko juu ya mnazi ulioanguka, simu mkononi. Nasikia anacheka kwa pua. Wavuvi nao ndio wanafika, watu kama kumi na kitu, wanaona mwanga mwekundu, mtu uchi anatambaa, mzee na fimbo anamwongoza, gari linapepesa ndani ya kanga. Wawili wakarudi nyuma. Mmoja akasoma Ayatul Kursiy kwa sauti, mpaka mwisho, na mimi nikaitikia amina, jambo ambalo naona lilizidisha wasiwasi.

Wanasema katika kasa 1,000 anayefika utu uzima ni mmoja. Wa mwisho siku ile alinipanda mkononi, akakaa hapo, akanikojolea au yalikuwa maji ya bahari, akashuka, akaingia kwenye wimbi. Mama wa samaki akasema "Haya, na mimi nipite sasa," akapita.

Yaliyobaki ni mafupi. Maji yalifika usawa wa siti ya nyuma, yakapwa. Wavuvi wakalibeba IST kiubavu kwa mikono, hapakuwa na kusukuma mbele, wakaliweka kwenye njia yao. Bei yao sitaitaja, mke wangu anasoma humu. Suruali nilivaa imelowa. Fundi Mbagala kafungua zulia akakuta mwani. Kibao kipya cha mzee nimekilipia mimi, kina maandishi makubwa zaidi, na chini yake mtu ameongeza kwa mkaa "HATA IST". Shirika la Sea Sense, hawa waliotokana na mradi wa kasa na nguva ulioanzia Mafia mwaka 2001, ndio wanaofanya kazi na walinzi wa namna hii vijijini. Nawaomba tu, kama ile video imewafikia, wasiitumie kwenye mafunzo.

Jana mteja wa kwanza kapiga simu. Nikajua ni utani, nikamwambia uchawi sifanyi. Akasema hapana, ameiona gari kwenye video, ameipenda, anauliza kama na hazadi zinafanya kazi.

Nikamwambia zinafanya kazi sana.